Mtoto Anayetaka Kusoma Elimu ya Nyota

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki, akalipa jua mwendo wake na mwezi vituo vyake. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume wa mwisho, pamoja na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyefuata uwongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na tuzishike amri zake katika mambo makubwa na madogo.

Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka yanapotoka matokeo ya mitihani ya sekondari, wazazi huwaendea wanazuoni na masuala. Miongoni mwa masuala hayo limo hili: “Mwanangu amefaulu hisabati na fizikia. Sisi tulitaraji asomee udaktari au uhasibu, naye anataka kwenda Chuo Kikuu kusoma elimu ya nyota. Je, elimu hiyo ni halali? Na akishaisoma, atakula nini?” Suala la kwanza ni la dini, la pili ni la dunia. Yote mawili yanastahiki jawabu, kwani mzazi anayeuliza hivyo hana ubaya. Anaichelea imani ya mwanawe na anaichelea riziki yake.

Tuanze na lile la dini. Shaka yote imetoka katika neno. Kwa lugha yetu ya Kiswahili, mtu akisema “falaki” au “unajimu”, huenda akakusudia mambo mawili yaliyo mbali kama ardhi na mbingu. La kwanza ni kuihesabu miendo ya jua, mwezi na nyota, kama Mwenyezi Mungu alivyoiweka. La pili ni kudai kwamba nyota hizo zinampa mtu bahati au mkosi. Hili la pili tunalijua sana mitaani petu. Kijana na binti wakitaka kuoana, majina yao hupelekwa kwa mtu akayahesabu herufi, kisha akatoa hukumu kwamba nyota zao haziendani, na posa ikavunjika. Mfanyabiashara akipata hasara huambiwa nyota yake imefifia, naye hutoa fedha aliyobakisha ili “asafishiwe nyota”. Haya ndiyo aliyoyakataza Mtume wetu (s.a.w.). Alituonya kwamba anayemwendea mtabiri kumuuliza hazikubaliwi Swala zake kwa siku arubaini, na kwamba elimu ya nyota ya namna hiyo ni tawi la uchawi.

Ama lile la kwanza, Kurani tukufu yenyewe imetuelekeza kwalo. Katika Surat Yunus tunafundishwa kwamba mwezi umewekewa vituo ili sisi tujue idadi ya miaka na hesabu. Katika Surat al-An‘am tunakumbushwa kwamba nyota zimefanywa ziwe uongozi wetu katika giza la bara na bahari. Na mabaharia wa pwani zetu za Bahari ya Hindi waliyafahamu hayo kwa vitendo. Nahodha aliyeondoka na kaskazi alikijua Kilimia, aliijua Zuhura, tena alizijua nyota za kusini, naye hakuwa mpiga ramli.

Na tazameni Mtume (s.a.w.) alivyotutengea mambo haya mawili kwa kitendo chake mwenyewe. Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki mwanawe mdogo, Ibrahim. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa msiba wa mwana wa Mtume. Lau angekuwa mtafuta utukufu wa dunia, angelinyamaza tu, na watu wangelizidi kumtukuza. Lakini yeye, hali moyo wake umejaa huzuni ya mzazi, aliwakataza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, kisha akawasalisha. Wenye elimu ya hesabu wakirudi nyuma kwa kanuni zao wanakuta kwamba jua lilipatwa kweli, likaonekana Madina, tarehe 27 Januari 632. Hesabu imekubaliana na mapokezi yetu, na hadithi ile imekata mzizi wa utabiri wote wa nyota.

Maulamaa waliotutangulia waliufahamu vyema mpaka huu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu hisabati pamoja na utabibu katika mambo yaliyo fardhi kifaya, yaani mambo ambayo asipotokea mtu wa kuyatenda, umma mzima unapata dhambi. Naye huyo huyo alionya kwamba mtu anayezikanusha sababu za kupatwa kwa jua kwa kudhani anaitetea dini, kwa hakika anaidhuru. Kwani mwenye kuijua hesabu hataitilia shaka hesabu yake, bali ataitilia shaka dini inayotetewa kwa namna hiyo. Wazazi, yashikeni maneno haya. Mtoto akiambiwa na mwalimu wake wa dini kwamba jambo alilolithibitisha kwa macho na kwa kalamu ni uwongo, hataiacha kalamu. Huenda akamwacha mwalimu.

Basi wakatokea Waislamu walioifanya elimu hii kazi yao. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, aliupima urefu wa mwaka wa jua akaukuta siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Kwa vipimo vya leo amepungukiwa na dakika 2 na sekunde chache tu, naye hakuwa na darubini. Abdul-Rahman as-Sufi, katika kitabu chake cha karibu mwaka 964, alikitaja kijiwingu kidogo mbinguni, ambacho leo tunakijua kuwa ni kundi la nyota lililo mbali nasi kiasi ambacho nuru yake husafiri miaka milioni mbili na nusu kutufikia. Ibn ash-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati za Swala katika Msikiti Mkuu wa Damascus. Ndani ya utumishi huo wa msikiti aliandika hesabu za mwendo wa mwezi ambazo namna yake ilikuja kuonekana tena katika kitabu cha Copernicus huko Ulaya mwaka 1543. Na ulimwengu mpaka leo huziita nyota nyingi kwa majina ya Kiarabu: Aldebaran ni ad-Dabaran, Altair ni at-Tair, Rigel ni ar-Rijl.

Lakini, ndugu zangu, historia haina sifa tupu. Ina onyo pia. Mjini Istanbul, katika miaka ya 1570, mtaalamu Taqiyuddin alijengewa nyumba ya kutazamia nyota iliyokuwa na vyombo bora. Mwaka 1577 ikatokea nyota yenye mkia. Inasimuliwa kwamba yeye alimtolea Sultani bishara kuwa ile ni dalili ya ushindi na neema. Yaani, aliyejengewa nyumba ya hesabu alitoa utabiri. Mambo yakaenda kinyume, maneno yakazidi, na mwaka 1580 nyumba ile ikabomolewa kwa amri ya Sultani. Katika miaka hiyo hiyo, kwenye kisiwa kimoja cha Denmark, Tycho Brahe alikuwa na nyumba mfano wa ile, iliyoanza kujengwa mwaka 1576. Yake ilidumu takriban miaka ishirini, na kutokana na majedwali yake ya sayari ya Mirihi, Kepler alitoa mwaka 1609 kanuni za mwendo wa sayari ambazo vyuo vyote vya dunia vinazifundisha. Tazameni hasara ya mambo mawili yakikutana: mwenye elimu kuichanganya elimu yake na utabiri, na wenye amri kuibomoa elimu pamoja na utabiri badala ya kuutoa utabiri na kuibakisha elimu. Hasara hiyo ndiyo tunayoirudia sisi tunapomkatalia mtoto kwa sababu ya neno “falaki” bila ya kuuliza ni falaki ipi.

Namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi nanyi, na Waislamu wote wanaume na wanawake. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kufundisha kwa kalamu, aliyemfundisha mwanadamu asilolijua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Enyi Waislamu! Sasa tuliendee suala la pili. Mtoto huyu huko chuoni atasoma nini, na atatufaa nini?

Kwanza mzazi na mtoto wajue kwamba kazi hii si kukaa juu ya dari usiku kucha na kustaajabu. Astronomia, yaani elimu ya kuzitazama na kuzipima nyota, na astrofizikia, yaani elimu ya kutafuta nyota zimefanywa kwa kitu gani na zinawaka kwa nguvu gani, zote mbili msingi wake ni hisabati na fizikia. Mwaka wa kwanza na wa pili mwanafunzi atasoma kanuni za mwendo na uzito, umeme na sumaku, joto, mawimbi, nuru na chembe za maada, na pamoja na hayo hisabati ya kila namna. Atajifunza kuiandikia kompyuta amri, kwa kuwa vyombo vya leo hutoa hesabu nyingi zisizoweza kusomwa kwa jicho. Nyota zenyewe atazifikia sawasawa akiwa amekwisha kupanda ngazi hizo. Asiyependa kukaa na suala moja la hesabu siku tatu mpaka lifunguke, basi asidanganywe na uzuri wa picha za mbinguni. Huko siko kwake. Ama anayelipenda, huyo msimfungie mlango.

Na ataona mambo ya ajabu. Mwaka 1868 wataalamu waliuchambua mwanga wa jua katika rangi zake, wakauona mstari wa rangi usiolingana na kitu chochote kilichojulikana hapa ardhini. Wakakiita kitu hicho heliamu, kwa jina la Kiyunani la jua, na ilipofika mwaka 1895 ndipo kikapatikana ardhini. Mwanadamu alikijua kitu kilichomo ndani ya jua, lililo mbali nasi kilomita milioni 150, kabla ya kukijua kilichomo chini ya miguu yake.

Wala elimu hii haiko mbali na kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama miale ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ikasaidia wataalamu kuamini kwamba yako mashimo meusi mbinguni, ambayo hata nuru haitoki ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. Inafaa watoto wetu nao wamo katika wanaovisoma na wanaoviandika.

Njia zipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya kwanza ya astronomia na astrofizikia. Palipokosekana shahada hiyo, mwanafunzi huanza na shahada ya fizikia, kisha akaendelea. Huko Afrika Kusini zimesimamishwa antena 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa mwaka 2018, ambazo husikiliza mawimbi ya redio yatokayo mbinguni. Na Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa katika mpango mkubwa zaidi unaojengwa kutokana na kazi hiyo. Tena majedwali ya setilaiti ya Gaia, iliyorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2013 ikapima nyota zaidi ya milioni elfu moja, yamewekwa wazi kwa kila mtu bila ya malipo. Mwanafunzi aliyeko Lamu, Ujiji au Bujumbura, akiwa na kompyuta na mtandao, anaweza kuyafanyia kazi kama afanyavyo mwenziwe wa Ulaya.

Ama riziki, tuseme kweli: nafasi za kazi za kutazama nyota peke yake ni chache katika nchi zetu. Asiahidiwe mtoto jambo ambalo halipo. Lakini aliyeijua fizikia, hisabati na kompyuta kwa kiasi hicho hufaa kufundisha, hufaa katika utabiri wa hali ya hewa, katika kazi za setilaiti na simu, na popote panapohitajiwa mtu wa kuchambua hesabu kubwa. Naye mgawaji wa riziki ni Mmoja.

Na sisi jamaa wa msikitini tunamhitaji. Mwafahamu nyote ugomvi unaotokea kila mwaka mwezi wa Ramadhani unapokaribia kuandama na unapokaribia kwisha: nyumba moja ndugu huyu anafunga, na yule anakula Idi. Si lengo la khutba hii kuhukumu baina ya wanazuoni katika mas’ala haya. Hukumu ina wenyewe. Lakini baina ya mkutano mmoja wa jua na mwezi na mkutano mwingine hupita, kwa wastani, siku 29, saa 12 na dakika 44. Na jioni ambayo mwezi umetua kabla ya jua, hapana jicho liwezalo kuuona. Akija shahidi jioni hiyo akasema ameuona, huenda ni mkweli wa nia, ila aliloliona ni wingu au Zuhura. Je, kadhi hatafurahi kuwa na mtu pembeni yake, mcha Mungu na mwenye elimu, wa kumweleza hayo? Huyo haichukui hukumu mkononi mwa kadhi. Anamsaidia kumpima shahidi.

Vivyo hivyo katika Qibla. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana, kwa saa zetu za Kenya, Tanzania na Uganda, ambazo ndizo saa za Makka, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Simamisha fimbo wima uwanjani wakati huo. Mstari utokao ncha ya kivuli kuelekea shina la fimbo ndio mwelekeo wa Qibla. Misikiti mingapi ingeliondokana na fitina kwa fimbo moja na mtu mmoja anayejua!

Sasa nawageukia nyinyi wanafunzi, wavulana kwa wasichana. Nakuusieni mambo matatu.

La kwanza, isimamisheni nia, na zishikeni Swala. Anayekesha kwa ajili ya nyota asije akalala Alfajiri.

La pili, ufuateni ushahidi kwa unyenyekevu. Mwaka 1925 mwanamke kijana, Cecilia Payne, aliandika kwamba nyota zimefanywa zaidi kwa haidrojeni. Mkubwa mmoja wa elimu hiyo alimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, naye akalazimika kuandika kuwa huenda matokeo yake si ya kweli. Haikupita miaka mingi, mkubwa yule yule kwa hesabu zake mwenyewe akakiri kuwa binti alisema kweli. Msiidharau haki kwa kuwa mwenye kuisema ni mdogo.

La tatu, msikitundike Kitabu cha Mwenyezi Mungu juu ya nadharia za wanadamu. Wako wanaofurahi kila linapovumbuliwa jambo, wakakimbilia kusema kwamba aya fulani ndilo iliyolikusudia. Mwaka 1917 Einstein alizitengeneza kanuni zake ili ulimwengu uwe umetulia tuli. Mwaka 1929 Hubble akaonyesha kwamba makundi ya nyota yanazidi kutengana. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba kutengana huko kunaongezeka kasi. Aliyeifasiri aya kwa kauli ya mwanzo angelifanya nini na kauli ya pili? Wataalamu wenyewe leo wanasema kwamba maada tunayoijua, ya nyota na bahari na miili yetu, haizidi sehemu 5 katika 100 za vilivyomo ulimwenguni. Yaliyobaki wameyapa majina, hakika yake hawajaijua. Basi Kurani ikuongozeni katika kumjua Muumba na katika maadili, na kalamu zenu zifanye kazi yake ya kupima. Wala msione haya kusema: Allahu a‘lam.

Enyi wazazi! Mtoto wenu akija na ombi hili, msimuulize kwanza atalipwa kiasi gani. Muulizeni anaiweza hisabati kwa kiasi gani, na anamcha Mola wake kwa kiasi gani. Majawabu yote mawili yakiwa mema, mpeni radhi yenu na mumwombee dua. Huyo atakuwa amewaondolea wenziwe deni la fardhi kifaya. Na mnaohubiri na kusomesha, mnaposikia mtaani panasafishwa nyota za watu kwa fedha, hapo ndipo pa kupazia sauti.

Ewe Mola wetu, tuongezee elimu yenye manufaa, na utuepushe na elimu isiyonufaisha. Wafungulie vijana wetu akili na nyoyo zao, wapate kuzisoma alama zako wakuzidishie hofu na mapenzi. Warehemu wazazi wetu na walimu wetu, walio hai na waliotangulia. Tuunganishe Waislamu katika mwezi wetu na Idi yetu, utuondolee mafarakano. Wape amani wanaodhulumiwa, waponye wagonjwa wetu, na ututeremshie mvua za kheri. Amin.

Simameni mwende katika Swala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.